Nimelipa milioni na laki nne nipande Google, nimeishia kufutwa hata kwenye ramani

Wakuu, salaam. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Na wale wa "ungeuliza kwanza kabla hujalipa", nimewasikia. Mke wangu anaisema hiyo tangu Jumapili.

Nina karakana ya samani Keko, hapa Dar. Mafundi wanne, mashine ya kupasulia, randa, na kibanda cha mbele chenye vitanda viwili vya kuonyesha. Anayeijua Keko anajua, mteja akikanyaga tu pale anaitwa na watu kumi kabla hajanifikia. Ndiyo maana mwaka 2021 nikaiweka karakana kwenye ramani ya Google, mwenyewe, kwa simu, bure. Kila aliyepokea mzigo nikawa namwomba aandike neno. Kwa miaka yote hiyo nimepata maoni 23. Machache, lakini ya watu kweli. Mama mmoja wa Tabata alipiga picha kitanda cha sita kwa sita cha mninga kikiwa chumbani kwake, na shuka lake la maua, akaandika kwamba tulichelewa siku nne ila kazi imesimama. Wakati ule nilitamani aifute hiyo ya siku nne. Leo natamani niione tena.

Akaja kijana na kompyuta yake, maneno matamu. "Mzee, mimi nakuweka ukurasa wa kwanza Tanzania nzima, niamini." Tovuti laki saba, "usalama" laki na nusu, "maneno ya siri ya Google" laki mbili, kuipandisha laki tatu na nusu. Nikatoa. Jina lake wala la ofisi yake silitaji, msiniulize, sina hela ya wakili.

Miezi saba. Kila mwisho wa mwezi ananitumia picha ya skrini WhatsApp, karakana yangu iko juu kabisa, na kidole gumba. Sikujiuliza kwa nini simu haziongezeki. Juzi ndiyo nimeziangalia vizuri zile picha. Alikuwa anatafuta JINA LA KARAKANA YANGU! Sasa ukitafuta jina langu atokee nani, jirani? Na kilichokuwa kinatokea wala si tovuti yake, ni ile ramani niliyoiweka mimi 2021.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, yuko chuo mwaka wa pili, alikuja likizo. Akaandika kwenye Google neno site, nukta pacha, halafu anwani ya tovuti yangu bila kuacha nafasi. Kimya. "Mjomba, Google hawana hata ukurasa wako mmoja." Nikamletea daftari la oda, nenosiri nililiandika jalada la nyuma. Akaingia ndani, kumbe tovuti imejengwa kwa WordPress, akaenda sehemu ya mipangilio. Kule kuna kiboksi kidogo, ukikiwekea tiki kinawaambia Google na wenzao wasiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitumia wakati wanajenga ili kazi isiyoisha isionekane, wakimaliza wanatoa tiki. Kwangu tiki ilikuwepo. Miezi saba! Na miezi hiyo hiyo alininunulia linki kutoka tovuti za kamari za nje, eti zinaipa tovuti "nguvu" ya kupanda Google. Yaani anawalipa watu wanielekeze wageni huku mlangoni ameandika msiingie.

Maneno ya siri nayo nimeyaona. Ni orodha imefichwa juu ya ukurasa, mteja haioni: sofa Dar, sofa nzuri, sofa bei chee, safo (ndiyo, safo). Google walishasema wazi mwaka 2009 kwamba orodha hiyo hawaitumii kupanga matokeo. Mwaka 2009 mimi nilikuwa bado nasukuma mkokoteni wa mbao Buguruni.

Usalama wa laki na nusu? Ni kile cheti kinachofanya anwani ianze na https. Kuna vya shirika la Let's Encrypt, vinatolewa bure, changu kilikuwa cha siku 90, na seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ikipangwa vizuri inakihuisha yenyewe. Yeye aliweka mara moja akaondoka. Siku 90 zikaisha, mteja wa Dodoma akanipigia: "Kaka, nikifungua tovuti yako simu inaniletea onyo, inasema wezi wanaweza kuniibia taarifa zangu. Mko sawa kweli?" Nikampigia kijana, akasema ni mtandao wa huyo mteja.

Ila kilichonichoma zaidi ni picha. Mafundi wangu wanatoa kazi za kueleweka, mkongo, mninga, lakini kijana akaweka familia ya Wazungu wamekaa kwenye sofa la kijivu, dirishani theluji inaanguka. Theluji, Keko! Dada mmoja wa Mbeya aliyetaka kabati akaniandikia: "Hii picha nimeitafuta Google imenipeleka duka la Uturuki. Matapeli nyie." Sikumjibu kwa maneno. Nilimrekodi fundi anapiga msasa mlango wa kabati, vumbi limemjaa nyusi, redio inalia nyuma, nikageuza kamera hadi kwenye bango letu, nikamtumia. Kianzio aliweka siku hiyo hiyo jioni.

Sasa ramani. Bila kuniambia alibadilisha jina la biashara likawa jina langu pamoja na "Sofa Vitanda Makabati Bei Nafuu Dar es Salaam". Google wanakataza, jina liwe lile lililoandikwa kwenye bango lako. Halafu ndani ya wiki moja yakamwagika maoni zaidi ya 60, nyota tano zote, majina ambayo hata kuyatamka siwezi. Moja linasifia chakula kitamu na wahudumu wachangamfu. Karakana ya mbao! Haikuchukua muda wasifu wa karakana kwenye ramani ukasimamishwa. Yale 23 nayo yakapotea. Mama wa Tabata, shuka la maua, vyote.

Nikampigia. "Mzee, Google wamebadilisha algoridhimu." Yaani kanuni zao za kupanga matokeo.

Na hiyo "wa kwanza Tanzania nzima" ilikuwa uongo tangu siku ya kwanza. Google wenyewe wameandika kwamba nafasi kwenye ramani hainunuliwi. Wanaangalia biashara inaendana kiasi gani na kilichotafutwa, iko umbali gani na anayetafuta, na inafahamika kiasi gani. Mtu yuko Mbezi anatafuta sofa, wataanza kumwonyesha wa jirani, mimi wa Keko nitampitaje? Na wameonya pia kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia namba moja. Mpwa wangu alinisomea hayo nikiwa nakunywa chai, chai ikapoa.

Kwa sasa tiki tumeitoa, cheti kimewekwa upya bure, Wazungu na theluji yao nimewafuta. Nimeweka picha za simu yangu, bei za kuanzia, namba ya leseni ya biashara, TIN, na namba ya simu ninayoipokea mwenyewe (iliyokuwepo ilikuwa ya kijana!). Google nimewakatia rufaa na leseni na picha ya bango. Bado nasubiri.

Kilichobaki ni anwani ya tovuti yenyewe, yaani domeini. Ile .co.tz aliisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Inaisha mwezi ujao, anataka laki nne ndiyo aniachie, na tangu jana ameniblock. Kadi za biashara 500 nimeshachapisha na anwani hiyo, na gari la kupelekea mzigo limeandikwa ubavuni.

Aliyewahi kuikomboa domeini ya .tz kwa mtindo huu, naomba anielekeze nianzie wapi na niwe na karatasi gani. Risiti za malipo ninazo zote na meseji zake ninazo. Jibuni hapa hapa kwenye uzi, PM (meseji za faragha) nimefunga. Niliiacha wazi saa moja tu, wameshaingia sita: "Mkuu pole sana, mimi nakuweka ukurasa wa kwanza kwa laki tatu."