Naomba ushauri: alama hasi na vipeo katika kurahisisha mitajo

Ndugu wapenzi wa hisabati, naomba ushauri kuhusu mwanafunzi ninayemsaidia. Anaelewa kwamba −3² ni −9, kwa kuwa kipeo kinaihusu 3 peke yake, ilhali (−3)² ni 9. Ugumu unaanza tunaporahisisha (−2x³)² ÷ (4x⁻¹), kwani hasi ya kipeo huichukulia kama hasi ya namba, akaandika −x⁵ badala ya x⁷. Nimemwonyesha kwamba x⁻¹ ni 1 gawanya kwa x, na kwamba vipeo vinatolewa, yaani 6 − (−1), lakini likija swali jingine anarudi kulekule (kanuni tupu, kwa maoni yangu, hukaririwa tu). Je, nitumie kwanza namba kabla ya herufi, au nimzoeze kuandika kila kipeo hasi kama sehemu?