Tupeane uzoefu: Kusoma Biblia upya majira ya vuli

Mleta mada
Wapendwa, Bwana asifiwe. Wengi tunafuata mpango wa sura tatu kwa siku, na tukifika Walawi na Hesabu tunasoma ilimradi tumalize. Mwenye njia nzuri ya kusoma kipindi hiki cha Septemba hadi Desemba aiweke hapa pamoja na maandiko yake, ili mwingine aweze kuifuata.

Mchangiaji wa 1
Anzeni na Walawi 23:23-44, msome kwa tarehe zake. Mwezi wa saba wa Biblia si Julai. Miezi inahesabiwa kuanzia mwezi wa Pasaka, hivyo wa saba unaangukia Septemba na Oktoba. Mwaka 2026 sikukuu ya Baragumu ni Septemba 12, Siku ya Upatanisho Septemba 21, na sikukuu ya Vibanda inaanza Septemba 26. Siku inaanza jua likizama (Walawi 23:32), kwa hiyo someni usiku wa kuamkia tarehe hizo.

Baragumu: Nehemia 8. Upatanisho: Walawi 16, halafu Waebrania 9 siku hiyohiyo, mkianza na Waebrania, Walawi itaonekana maelezo ya ziada tu. Vibanda: Hesabu 29:12-38, kalamu mkononi. Andikeni idadi ya ng'ombe wa sadaka wa kila siku: 13, 12, 11, hadi 7 siku ya saba. Jumla ni 70. Kondoo waume 2 na wana-kondoo 14 hawabadiliki siku hizo saba. Anayeiruka sura hii kwa kuwa inajirudia haoni ng'ombe wanavyopungua.

Mchangiaji wa 2
Naongezea kwa mkuu hapo juu: someni mkijua hali ya hewa ya Israeli. Kuanzia Mei hivi hadi Oktoba karibu hakuna mvua. Zabibu zimeshavunwa, ardhi ni ngumu, kulima bado. Mkulima wa Dodoma, ambaye Oktoba anaangalia mawingu na shamba lake la zabibu liko pale pale, ataelewa upesi.

Sasa fungueni Yohana 7, inayotokea wakati wa Vibanda. Enzi za Hekalu la pili, kila asubuhi ya Vibanda kuhani alichota maji katika birika la Siloamu kwa chombo cha dhahabu cha logi tatu, takriban lita moja, yakamiminwa madhabahuni. Mbele ya watu wanaongoja mvua, Yesu anapaza sauti: mwenye kiu aje kwake anywe (7:37). Someni hadi 7:52, kisha rukeni mpaka 8:12. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa hakimo katika nakala za kale zaidi za Yohana. Kisomeni kivyake siku nyingine. Hapo "nuru ya ulimwengu" inakaa karibu na sikukuu yenyewe, ambayo usiku taa kubwa ziliwaka Hekaluni, katika ua wa wanawake.

Mchangiaji wa 3
Hagai jamani! Aya 38 tu. Andikeni tarehe zake pembeni (siku/mwezi, kwa miezi ya Biblia), zote za mwaka 520 KK: 1/6, 24/6, 21/7 na 24/9. Tarehe 21/7 ni siku ya saba ya Vibanda, sikukuu ileile ambayo Sulemani aliweka wakfu Hekalu, nyumba ya kwanza (1 Wafalme 8:2). Ndiyo maana swali la 2:3 kwa wazee walioiona, kama hii ya sasa si kitu machoni pao, linauma. Tarehe 24/9 ni kama Desemba. Mbegu imeshatoka ghalani, imefukiwa, hakuna aliyeona hata suke, na ndiyo siku Mungu anayosema atabariki (2:19). Bila tarehe hizo aya inapita tu.

Mchangiaji wa 4
Na Mhubiri mnamweka wapi?

Mchangiaji wa 1
Ndani ya Vibanda. Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya humsoma Sabato ya sikukuu hiyo. Soma sura zote 12 kwa kikao kimoja, kwa sauti. Inachukua kama dakika 40. Piga mstari 2:24, 3:13, 5:18, 8:15 na 9:7. Wanaoishia sura ya 3 wanasikia ubatili tu, na ile furaha ya kula, kunywa na kazi inayorudi kila baada ya sura chache inawapita.