Nina shilingi 1,300,000: ninunue Dell ya ofisini niiongezee kadi ya michoro, au niunge mashine mpya?

Kipanga wa Dodoma

Wakuu, salaam. Kwa muda wa miezi kumi na minne nimekuwa nikiweka akiba ili mimi na mdogo wangu tupate kompyuta ya kuchezea gemu nyumbani, na sasa nimefikisha shilingi 1,300,000. Kioo cha pikseli 1920 kwa 1080 tunacho, kwa hiyo fedha yote ni ya mashine. Tunapenda eFootball, GTA V na Forza Horizon 5.

Muuzaji mmoja wa Kariakoo ananishauri nichukue Dell OptiPlex 7050 iliyotumika, lile umbo jembamba, yenye prosesa ya Core i5-7500, kijiti kimoja cha RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) cha GB 8 na diski ya kuzunguka, kwa shilingi 550,000. Juu yake ataniongezea kadi ya GTX 1050 Ti kwa 250,000. Kwa hesabu hiyo nitabaki na nusu milioni mkononi, jambo linalonivutia sana, lakini fedha hii nimeichuma kwa jasho na ninaogopa kuipoteza. Naomba mwongozo wenu.

Mzee wa Soketi

Ndugu Kipanga, usilipe bado. Kasha hilo jembamba halipokei kadi ya kimo cha kawaida, bali kadi fupi tu, na saplai yake ya umeme ni ya wati 180 na haina waya wa kulisha kadi. Maana yake utabaki na kadi zinazovuta umeme wote kupitia ubao mama, yaani zisizozidi wati 75, kama GTX 1650 fupi. Siku ukitaka kubadili saplai utakuta plagi ya Dell si ile ya pini 24 iliyozoeleka, na kasha lenyewe halina nafasi ya saplai ya kawaida. Jambo la pili ni kwamba i5-7500 ni ya kizazi cha saba, na Windows 11 haiitambui rasmi, ilhali Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma yake tarehe 14 Oktoba 2025.

Binti Lindi

Kaka, mimi nina wasiwasi zaidi na hiyo kadi. Kuna kadi za zamani sana zinazoandikiwa programu mpya ndani ili kompyuta izisome kama GTX 1050 Ti, na mnunuzi hugundua gemu lake la kwanza linapokwama. Kadi halisi ilitoka mwaka 2016 na ina viini 768 na kumbukumbu ya GB 4. Ukiona nyuma yake tundu la buluu la VGA, itilie shaka, kwa sababu kizazi kile kiliacha kutoa picha kwa njia hiyo. Omba iwashwe mbele yako, kisha ufungue GPU-Z, programu ya bure ambayo mara nyingi huitambua kadi bandia na kuiandika hivyo mbele ya jina lake. Muuzaji akikataa jaribio hilo, ondoka.

Fundi wa Makorora

Nakubaliana na waliotangulia, ila sioni sababu ya kuzikataa kompyuta za ofisini zote. Akipata ya umbo la mnara yenye i5-8500, akaongeza GTX 1650, vijiti viwili vya RAM na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), wataanza kucheza wiki hiyo hiyo, na Windows 11 itakubali.

Mzee wa Soketi

Fundi, wataanza vizuri, sikatai, lakini saplai ya Dell itawafungia njia mwaka wa pili. Kwa maoni yangu aanze na prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina sehemu ya michoro ndani yake, bila kununua kadi yoyote sasa. eFootball na GTA V zitachezeka. Forza itabidi aipunguzie ubora na ukubwa wa picha. Kwa kuwa prosesa hiyo hukopa RAM kwa ajili ya michoro, vijiti viwili vya GB 8 ni lazima, kwani kijiti kimoja hupunguza kasi kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Akiba ikirudi ataongeza kadi ya RX 6600 ya GB 8, inayokula wati 132. Asishawishike na RX 6500 XT: ile hutumia njia nne tu za PCIe (njia za data kati ya kadi na prosesa), na 5600G hutoa toleo la tatu la njia hizo, hivyo kadi itabanwa.

Kuhusu saplai, usisome namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi lake. Tafuta mstari wa volti 12 na uzidishe kwa ampea zake. Iliyoandikwa wati 500 huku volti 12 ina ampea 18 inakupa wati 216 tu mahali panapohitajika. Mwaka jana umeme ulikatika kwangu ukarudi kwa nguvu, na saplai ya namna hiyo ilikufa pamoja na ubao mama. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimeokoa shilingi 60,000 tu.

Kipanga wa Dodoma

Nimewaelewa, na ninawashukuru kwa dhati. Nimepiga simu maduka matatu, na bei nafuu nilizopata ni hizi: 5600G 345,000, ubao mama wa B450 215,000, RAM 170,000, SSD ya GB 500 125,000, saplai ya wati 550 165,000 na kasha 95,000. Jumla ni 1,115,000. Masalio ya 185,000 ninataka kununulia UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Mdogo wangu alitamani kadi sasa hivi, lakini nimemweleza na amekubali kusubiri.

Binti Lindi

UPS ni uamuzi mzuri. Kabla ya kulipia huo ubao wa B450, mwombe muuzaji akuhakikishie kwamba BIOS yake (programu ya ndani inayouwasha) imeshasasishwa kwa ajili ya Ryzen za mfululizo wa 5000, na ikiwezekana auwashe na prosesa yako hapo hapo dukani. Usiposasishwa, kioo kitabaki cheusi, na kutoka Dodoma kuurudisha Kariakoo ni nauli nyingine.