Mbwa anashindwa kupumua, daktari kamtia kwenye boksi la oksijeni tu, ni sawa kweli?

baba_bosi: Wakuu nisaidieni, nimekasirika na sijui kama nina haki. Mbwa wangu, Bosi, ana miaka 10, juzi usiku nashtuka namkuta amekaa kitako hataki kulala, shingo kainyoosha mbele, viwiko kavitanua kama anataka kupiga pushapu, tumbo linakwenda kuliko kifua. Mbio kwa daktari. Sasa badala ya eksirei wakamchoma sindano moja, wakamfungia kwenye boksi la oksijeni, karibu saa nzima wanamchungulia tu kwenye kioo!! Eksirei imekuja kupigwa baadaye, maji kwenye mapafu, moyo umetanuka. Si wangejua mapema?

zamu_ya_usiku: Pole mkuu, ila hapo walikuwa sahihi kabisa. Mbwa wa hali hiyo ukimlaza ubavu kwa nguvu ili umpige picha anaweza kukufia mezani, nimeshaliona hilo na sitaki kuliona tena. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 tu, mle ndani inapandishwa hadi 40 au 60, anapata ahueni kidogo. Sindano yenyewe nahisi ilikuwa furosemide, ya kumkojolesha hayo maji, au ya kumtuliza, maana akiogopa anahema zaidi na akihema zaidi misuli inachoka ndo anazima. Na huko kuchungulia ndo kazi yenyewe, wanahesabu pumzi, wanacheki rangi ya fizi. Maji yangekuwa nje ya mapafu hapo hadithi nyingine, yanavutwa kwa sindano kifuani.

pua_bapa: Wangu pua bapa, joto ndo lilitaka kumuua, ulimi zambarau anakoroma yuko macho. Nilimlowesha maji, AC ya gari juu mwanzo mwisho, nikawapigia simu niko njiani nikakuta oksijeni iko tayari. Na jamani msimpe panado!

baba_bosi: Sawa, hasira imeshuka. Nyumbani nacheki nini?

zamu_ya_usiku: Hesabu pumzi akiwa usingizini, kifua kupanda na kushuka ni moja. Ikizidi 30 kwa dakika na hesabu ya pili ni hiyohiyo, piga simu. Fizi zikiwa za bluu au kijivu usihesabu chochote, ondoka.

baba_bosi: Nimehesabu sasa hivi, 24. Kumbe kale kakikohozi ka usiku kalikoanza wiki kadhaa nyuma, mi nikajua vumbi.