P0087 haina maana ya "badilisha pampu"! Mafundi wa dizeli, mnapima lini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Miezi miwili pikapu yangu imekuwa ikiingia na kutoka gereji. Imebadilishiwa pampu ya presha kubwa, imebadilishiwa nozeli zote nne, na kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa mpira wa mafuta uliochanika chini ya klipu, jirani na tenki. Mpira! Kipande kifupi kuliko mkono wangu, na kukibadilisha hakukuchukua hata saa nzima.

Dalili nilizozipeleka gereji zilikuwa wazi. Asubuhi starta inazunguka muda mrefu ndipo injini iwake. Ikishawaka inanguruma vizuri, na tambarare haina neno. Ukipanda mlima na mzigo, taa ya injini inawaka, nguvu zinakatika, gari linatambaa. Ukisimama, ukazima na kuwasha tena, linarudi kama hakuna kilichotokea, mpaka mlima unaofuata. Nilimweleza fundi yote haya neno kwa neno. Hakuuliza hata swali moja. Alichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa msimbo P0087, akanigeukia: "Pampu imechoka, bosi."

Sasa P0087 inasema nini? Inasema presha ya mafuta ndani ya reli, yaani bomba nene la pamoja linalogawia nozeli zote mafuta, iko chini kuliko inavyotakiwa. Basi. Haikwambii kwa nini. Ni sawa na daktari aone homa imepanda akaamua hapo hapo kukupasua tumbo. Presha ya reli inashuka kwa sababu nyingi: mafuta hayafiki kwenye pampu, au yanafika yamechanganyika na hewa, au pampu imelika kweli, au valvu ya kupimia mafuta iliyo kwenye pampu imekwama, au nozeli zinarudisha mafuta mengi kupita kiasi, au valvu ya kuachia presha kwenye reli haifungi, au sensa inadanganya na presha yenyewe haina tatizo. Sababu zote hizo zinaweza kutoa msimbo ule ule mmoja. Fundi aliyezichambua akabaki na pampu nitamheshimu. Huyu alirukia pampu ndani ya dakika tano.

Nilimwamini. Nikatoa pesa. Pampu ikafungwa, filta mpya ikawekwa, akapampu kwa mkono juu ya filta mpaka mafuta yakajaa, gari likawaka, tukapanda nalo kilima, likavuta. Nikashukuru kabisa. Siku ya tatu taa ikawaka palepale ilipokuwa inawaka zamani, msimbo ule ule.

Niliporudi akasema basi ni nozeli. Nikamuuliza, umezipima? Akasema "zinaonekana tu". Wakuu, nozeli hazionekani, zinapimwa! Unachomoa mipira ya kurudishia mafuta, unaweka kichupa kwa kila nozeli, unawasha injini kwa muda ule ule kwa zote, halafu unatazama vichupa. Kimoja kikijaa mbali kuliko vingine, nozeli hiyo imelika ndani na inamwaga presha ya reli kurudi tenki. Vikiwa karibu sawa na kiasi ni kidogo, ziache mahali pake. Kazi ya nusu saa, na vichupa vyenyewe si kitu cha ajabu. Hakufanya hivyo. Alifungua nozeli zote nne akaweka nyingine, na kwenye kompyuta ya gari hakuandika zile namba zilizochorwa kichwani mwa kila nozeli. Namba zile ndizo zinazoiambia kompyuta nozeli hii inatoa mafuta kiasi gani ikifunguliwa kwa muda fulani, kwa sababu hakuna mbili zinazofanana kabisa. Nikaondoka na gari linalotetemeka na kugonga, jambo ambalo halikuwapo nilipolileta. Na mlimani taa ikawaka vilevile.

Kuna jambo lililoniuma kuliko pesa. Siku ya nozeli nilimkuta analegeza nati ya bomba la nozeli injini ikiwa inaunguruma, na kijana anayejifunza kazi ameinama juu yake, mkono wazi, anataka kuona kama mafuta yanatoka. Nilipiga kelele wazime. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo wanavyotoa hewa siku zote. Ndiyo, kwenye injini za zamani zenye pampu ya kimakanika watu walilegeza nati hizo. Kwenye injini ya reli ya pamoja (common rail) kama yangu unacheza na presha ya bar 300 hivi injini ikiwa haijakanyagwa, na ukikanyaga inapanda kufika 1600, nyingine 2000 na zaidi. Uzi wa mafuta wa presha hiyo unapenya ngozi. Kidonda chake kinafanana na kuchomwa na mwiba, mtu anakifuta na kitambaa na kuendelea na kazi, kumbe dizeli imeshasambaa ndani ya nyama. Hiyo ni dharura ya upasuaji, hata kama hakiumi sana mwanzoni, na waliochelewa wamekatwa vidole na mikono. Kijana yule hakuna aliyemwambia. Kama unasoma hapa na una mwanafunzi kwenye gereji yako, mwambie leo. Uvujaji wa presha kubwa hautafutwi kwa kidole. Injini inazimwa, unasubiri presha ishuke, ndipo unashika spana.

Turudi kwenye gari. Nililiondoa pale nikalipeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja mtaratibu, na namweleza hapa kwa kirefu kwa sababu nataka watu waone tofauti ya kazi.

Kwanza aliniuliza: linasumbua likiwa la baridi au la moto? Tenki likiwa limejaa au likiwa chini? Lilianza ghafla au polepole? Nikamjibu, na swali la tenki likanifanya nikumbuke kwamba kweli, likiwa limejaa linasumbua kidogo, likishuka chini ya nusu ndipo balaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Kisha akachomeka mashine, ila hakusoma msimbo akaishia hapo. Alifungua takwimu za moja kwa moja akaweka mbili pamoja: presha inayoombwa na kompyuta, na presha iliyopo kwenye reli. Tukatoka barabarani. Tambarare zinafuatana kama mtu na kivuli chake. Mlimani kompyuta inaomba 1400, iliyopo inafika 900, inashuka 800, inayumbayumba, halafu taa. Akanionyesha na namba ya tatu, ya valvu ya pampu: kompyuta ilikuwa imeshaifungua mpaka mwisho. Akasema, "Kompyuta inaomba mafuta kwa nguvu zake zote. Ama hayaji, ama yanakuja na kupotea. Tuanze na kuja."

Tuanze na kuja! Hapo ndipo kila mtu anapaswa kuanza, upande wa presha ndogo, maana ndiko kwenye vitu rahisi na ndiko vinakoharibika mara nyingi: filta, maji ndani ya filta, chujio la tenkini, mipira, hata tundu la kupumulia la mfuniko wa tenki. Likiziba hilo tenki linajivuta ndani na mafuta yanagoma kuja. Ukifungua mfuniko ukasikia linafyonza hewa kwa nguvu, umeshapata pa kuangalia.

Gari langu halina pampu ya umeme tenkini. Pampu ya injini inayavuta mafuta yenyewe toka nyuma. Mjue maana yake, kwa sababu hapa ndipo yule wa kwanza alipopotea. Kwenye mfumo wa kusukuma, mpira ukipasuka dizeli inadondoka na utaiona chini. Kwenye mfumo wa kuvuta, mpira ukichanika dizeli haitoki, hewa ndiyo inaingia. Chini ya gari pakavu kabisa, hakuna harufu. Ukizima usiku, hewa inaingia polepole na mafuta yanarudi tenkini, ndiyo maana asubuhi starta inahangaika. Tenki likiwa chini, pampu inavuta kwa nguvu zaidi na hewa inazidi. Mlimani injini inataka mafuta mengi, inapewa povu, na povu haliwezi kukandamizwa mpaka bar 1400. Dalili zote nilizozitaja siku ya kwanza zilikuwa zinasema hivyo.

Mzee alichukua kipande cha mpira unaoonyesha ndani akakiunga kati ya filta na pampu. Tukawasha. Viputo vinapita, vidogo vidogo, na ukikanyaga vinakuwa msururu. Halafu akafanya jambo lililonimaliza: akachukua dumu safi la dizeli, akalifunga vizuri, akaunganisha mpira kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kwenye filta, akaacha tenki na mipira yote ya chini nje ya mzunguko. Tukajaribu. Viputo hakuna. Iliyopo ikaifuata inayoombwa mpaka juu. Kwa hiyo pampu nzima, nozeli nzima, valvu nzima, filta nzima, ubaya uko kati ya filta na tenki. Tukaingia chini, akafuata mpira kwa vidole, na chini ya klipu akakuta ufa. Ukiutazama bila kuukunja huuoni.

Mpira mpya, klipu mpya, namba za nozeli zikaandikwa kwenye kompyuta, mtetemo ukaisha. Wiki tatu sasa, milima ile ile, mzigo ule ule, taa haijawaka.

Sasa swali langu kwa yule wa kwanza na kwa wote wanaofanya kazi kama yeye. Ulisema pampu imekufa. Pampu ya reli inapokufa kwa kulika hutapika unga wa chuma, na unga huo unakwenda kila mahali: kwenye valvu, kwenye reli, kwenye nozeli, na kupitia mrejesho unafika hata tenkini. Nafasi kati ya sindano ya nozeli na ala yake ni maikromita chache tu, wakati unywele wa mtu una kama 70. Kama uliamini pampu imelika, kwa nini hukuipasua filta ya zamani kutafuta vumbi linalong'aa? Kwa nini hukuosha tenki wala mabomba kabla ya kufunga pampu mpya? Kama ungekuwa sahihi, pampu mpya ingekula uchafu wa ile ya zamani. Na mabomba uliyofungua uliyaacha midomo wazi kwenye vumbi la gereji usiku kucha, nililiona kwa macho yangu.

Msiniambie ni teknolojia mpya. Reli ya pamoja iliingia kwenye magari madogo mwaka 1997 na Alfa Romeo 156. Kuna mafundi wamezaliwa baada ya hapo.

Na kwa wenye magari, msikubali. Mtu akikwambia pampu, mwambie akuonyeshe presha inayoombwa na iliyopo, kwa macho yako. Muulize amepima mrejesho wa nozeli? Amepima sensa? Nyingi zinapewa volti 5, na presha ikiwa sifuri, swichi imewashwa na injini imezimwa, hutoa karibu volti 0.5. Ikionyesha presha kubwa wakati injini imelala tangu jana, ni sensa au waya wake, na pampu haihusiki. Hata ukipata kinyume chake, P0088, presha juu mno, usikimbilie pampu vilevile: kuna valvu ya kupimia mafuta iliyokwama wazi, kuna njia ya kurudisha mafuta iliyoziba, na kuna sensa hiyo hiyo. Akikosa majibu, chukua funguo zako uondoke. Mimi sikuondoka, na nimelipia vipuri viwili vikubwa ambavyo gari halikuvihitaji.

Nimemrudia juzi na kipande cha mpira mkononi. Sikumwomba arudishe pesa yote. Nilimwomba pampu yangu na nozeli zangu nne alizozitoa, kwa sababu sasa tunajua zote zilikuwa nzima na ni mali yangu. Akasema vitu vibovu huwa wanavitupa. Kijana wake akaniambia pembeni kwamba havikutupwa, vimeshafungwa kwenye gari la mtu mwingine.

Narudi tena Jumatatu. Nataka kujua pampu yangu iko kwenye gari gani, na mwenye gari hilo aliambiwa ni mpya au hakuambiwa kitu.