Filamu ya Constantine na vitabu vya Hellblazer: nianzie wapi, na filamu imetoka hadithi ipi?

Msomaji_wa_Usiku aliuliza:

Wakuu, salaam. Filamu ya Constantine ya 2005, ile ya Keanu Reeves, naijua vizuri, na tamthilia ya NBC aliyocheza Matt Ryan pia. Sasa nataka vitabu vyenyewe vya katuni, Hellblazer. Naona matoleo ni 300, halafu madukani kuna vitabu viwili vyenye jina hilohilo la Dangerous Habits, kimoja chembamba na kingine kinene. Vinatofautiana nini? Je, nianze toleo la 1 au naweza kuruka? Na filamu ilichukua hadithi ipi hasa? Nikiweza kusomea kwenye simu, nitashukuru.

Kurasa46 alijibu:

Mkuu, naanza na swali lako la tatu maana majibu mengine yanategemea hilo.

Uti wa mgongo wa filamu ni Dangerous Habits, toleo la 41 hadi la 46, mwaka 1991. Mwandishi ni Garth Ennis, mchoraji William Simpson. Mhusika mkuu, John Constantine, anaambiwa ana saratani ya mapafu. Akifa anakwenda Jehanamu moja kwa moja, na huko anasubiriwa na mkubwa wa mashetani, Wa Kwanza Kuanguka, mwenye kisasi naye. Kisasi kimeanzia ndani ya hadithi hiyohiyo: shetani huyo alikwenda Ireland kuchukua roho ya rafiki yake John, mlevi aitwaye Brendan. John akamkaribisha kinywaji ambacho kwa kweli kilikuwa maji yaliyobarikiwa, yamegeuzwa bia kwa uganga. Uganga ulipokatika, bia ikarudi kuwa maji matakatifu tumboni mwa shetani.

Sasa angalia anavyopona. Kwa siri John anawauzia roho yake wakuu wengine wawili wa Jehanamu, kila mmoja peke yake. Siku anapojikata mishipa, wote wanafika kudai mali yao, na hakuna anayeweza kumwachia mwenzake bila kudharaulika. Wakigombana ni vita, na vita hiyo itawanufaisha wa mbinguni. Njia iliyobaki ni moja: asife. Basi wanalazimika kumponya wenyewe, huku wanamchukia. Madeni yake matatu ndiyo ngao yake.

Filamu imechukua saratani, kujikata mishipa, shetani kuja mwenyewe, na hata John kukataliwa na Gabrieli anapoomba msaada. Imeacha mikataba. Humo John anamwomba Lusifa aiachie roho ya Isabel, mwanamke aliyejiua, iende peponi, kujitolea huko kunamfanya astahili pepo, na Lusifa, kwa kutotaka kumpoteza, anamchomoa uchafu wa sigara mapafuni kwa mikono. Peter Stormare amemcheza Lusifa vizuri sana pale, silipingi hilo. Lakini ni mtu tofauti kabisa: wa filamu anaokolewa na wema wake, wa kitabu anaokolewa na utapeli, na baada ya hapo bado anadaiwa.

Bibi_Juzuu alijibu:

Niseme kuhusu vile vitabu viwili, maana hapo watu wengi wanapoteza fedha.

Chembamba ni chapa ya zamani: matoleo 6 tu, 41 hadi 46. Kinene ni juzuu ya 5 ya mpangilio mpya ambao DC, wachapishaji wa Hellblazer, walianza kuutoa 2011, nacho kina toleo la 34 hadi la 46, yaani ndani yake umo pia mwisho wa kazi ya Jamie Delano, aliyeandika sehemu kubwa ya matoleo ya 1 hadi 40. Chapa za zamani ziliruka matoleo mengi na hazikufuata namba. Ukichanganya chapa mbili, utanunua matoleo yaleyale mara mbili na bado utabaki na mapengo. Kabla ya kulipa, tafuta namba ya juzuu kwenye mgongo wa kitabu, kisha soma orodha ya matoleo yaliyomo. Jina la jalada peke yake usiliamini.

Kwa mpangilio mpya, juzuu ya 1, Original Sins, ina toleo la 1 hadi la 9 pamoja na namba 76 na 77 za Swamp Thing, mfululizo mwingine wa DC. Hizo mbili hazikuwekwa kujaza kurasa. Hadithi ya toleo la 9 inaendelea humo, Swamp Thing anapouazima mwili wa John ili apate mtoto. Katika chapa ya zamani msomaji anakatishwa hapo na hajui kilichofuata.

Juzuu ya 2, The Devil You Know, usiiruke kwa namna yoyote, kwa ajili ya toleo la 11, la Newcastle. Mwaka 1978 John na wenzake wanakuta klabu ambamo msichana mdogo, Astra, ameita kiumbe cha kutisha kutokana na mateso aliyofanyiwa. John anaamua kuita pepo mkubwa aje amle mdogo. Tatizo la upungaji wake ni kwamba anadhani amemfunga pepo fulani, kumbe aliyekuja ni Nergal, na ambaye hukumwita kwa jina lake huwezi kumwamuru. Nergal anafanya kazi aliyoitiwa, kisha anaondoka na mtoto kwenda Jehanamu. Kila kitu cha John, wendawazimu wake, hofu yake, marafiki wanaokufa mmoja mmoja, kinaanzia kwenye shimo hilo. Natahadharisha tu kwamba toleo hilo linagusa unyanyasaji wa mtoto na halifichi.

Kama mfuko hauruhusu zote, nunua ya 1, ya 2 na ya 5. The Fear Machine, juzuu ya 3, ni nzuri ila inakwenda taratibu, inaweza kusubiri.

Moshi_wa_Liverpool alijibu:

Nakubaliana na Kurasa46, ila kinachoniuma zaidi ni umri. John wa Hellblazer anazeeka sambamba na kalenda. Amezaliwa Mei 1953 Liverpool, toleo la 63 la 1993 ni sherehe yake ya kutimiza miaka 40, na mfululizo ulipofungwa 2013 alikuwa anakaribia 60. Kovu la 1988 bado analo 2005. Ndiyo maana Chas wa kitabuni, rafiki wa John, ni dereva wa teksi wa London, rika lake, mwenye mke aliyechoshwa na urafiki huo. Filamu ikamgeuza kijana mwanafunzi wa John, aliyechezwa na Shia LaBeouf, ikahamishia kila kitu Los Angeles. Ukiondoa Uingereza ya waziri mkuu Thatcher, toleo la 3, lenye mashetani wanaonunua roho za wenye tamaa ya fedha wakati wa uchaguzi wa 1987, halina tena pa kusimama.

Tamthilia ya NBC, sehemu 13, Oktoba 2014 hadi Februari 2015, ilirudisha koti, nywele za dhahabu na lafudhi ya Uingereza. Kilichoibana ni kituo chenyewe: televisheni ya wazi ya Marekani haikutaka mhusika mkuu avute sigara mbele ya kamera, kwa hiyo mara nyingi unamwona akiizima tu. Kwa mtu ambaye hadithi yake kuu ni saratani ya mapafu, hilo ni pengo kubwa.

Ukitaka kuona mabadiliko kwa macho yako, weka sehemu ya 4 pembeni ya toleo la 1 na la 2. Zote zina Gary Lester, rafiki wa John, na Mnemoth, pepo wa njaa, na Gary anafanywa chombo cha kumfungia pepo huyo. Kwenye televisheni Gary anakubali, na John anakaa naye hadi mwisho. Kitabuni Gary hakuulizwa. Mstari huo mmoja ndio unaotenganisha televisheni ya wazi na katuni ya watu wazima.

Iliyokaribia zaidi, kwa maoni yangu, ni City of Demons, filamu ya katuni ya 2018, sauti ya Matt Ryan huyohuyo. Imechota kwenye All His Engines ya Mike Carey na Leonardo Manco, ya 2005, na John anatoka humo amepoteza kitu kisichorudi.

Msomaji_wa_Usiku:

Ahsanteni sana wakuu. Nimeona pia kitabu kinaitwa Constantine tu, cha 2013. Ni mwendelezo? Na kuhusu simu?

Bibi_Juzuu alijibu:

Si mwendelezo, ndugu yangu. Hellblazer ilipofungwa kwenye toleo la 300, DC walianza upya na John kijana zaidi anayeishi kati ya mashujaa wao wengine. Kiache kwanza. Aliyemwendeleza John mzee ni Simon Spurrier, kuanzia 2019, na hapo uende ukishamaliza hizo tatu.

Kuhusu simu, piga hesabu. Ukurasa wa chapa ni kama sentimita 17 kwa 26. Simu yenye upana wa sentimita 7 inaushusha hadi 7 kwa 11 hivi, maandishi yanabaki kama asilimia 40 ya ukubwa wake, hayasomeki vizuri bila kukuza. Delano anajaza maelezo ya msimulizi kila kona, utachoka haraka. Programu ya Kindle ina namna ya kuonyesha fremu moja moja, na kwa Ennis inatosha kwa sababu fremu zake ni za mazungumzo. Kwa toleo la 27, alilochora Dave McKean, inaharibu, kwani picha zimepangwa zionwe ukurasa mzima. Tableti ya inchi 10 inakupa kama sentimita 13 kwa 20, na hapo unasoma bila kukuza.

Kurasa46 alijibu:

Nyongeza kwa siku utakapofika mbali: hadithi iitwayo Shoot, ya Warren Ellis, inayohusu watoto wanaouana kwa risasi shuleni, ilizuiwa 1999 baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Marekani, na Ellis akaondoka. Ilitoka 2010 ndani ya Vertigo Resurrected. Ukiona matoleo ya Ellis yanaishia 143 ghafla, sababu ni hiyo, hujauziwa kitabu kilichokatwa.