Mjadala: Aliyetendewa unyama ana wajibu wa kukumbuka, au anaruhusiwa kusahau?

Mleta mada (Arusha)

Wakuu, salaam. Naleta hoja ambayo najua itatugawa, naomba tuijadili kwa staha.

Naianzia kwa Wayahudi kwa sababu kwao kukumbuka ni amri ya dini, inakwenda sambamba na kufunga na kusali. Sisi wasomaji wa Biblia ya Kiswahili tunacho kitabu kizima kinachoitwa Kumbukumbu la Torati, na jina hilo limekaa mahali pake. Kitabu kinarudia bila kuchoka: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Hata mtumwa wako apumzike siku ya Sabato, kwa nini? Kwa sababu unakumbuka Misri.

Sasa, tarehe 2 Machi 1988 gazeti la Haaretz la Israeli lilichapa makala ya mwanafalsafa Yehuda Elkana. Alipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, akiwa mtoto wa miaka 10, akapona. Siku zile intifada ya kwanza, yaani uasi wa Wapalestina, ilikuwa na miezi michache tu, na habari za askari kuwatesa Wapalestina zilikuwa zimezagaa. Elkana akaandika kwamba kiini cha ukatili huo ni hofu, na hofu hiyo inalishwa na namna taifa linavyokumbuka Maangamizi, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Alisema kutoka Auschwitz yalitoka makundi mawili: wachache wanaosema jambo hili lisitokee tena, na wengi walioingiwa na hofu wanaosema jambo hili lisitupate sisi tena. Dunia ikitaka ikumbuke, akasema, lakini sisi tujifunze kusahau.

Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado inanisumbua. Msimamo wangu ni kwamba Elkana aliutambua ugonjwa, ila alikosea dawa. Dawa ilikuwa mezani kwao siku zote.

Nasema mezani nikimaanisha meza yenyewe ya usiku wa Pasaka ya Kiyahudi. Mtoto mdogo kuliko wote ndiye anayeuliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Wanachovya majani mabichi kwenye maji ya chumvi, wanakula mboga chungu na mkate usiotiwa chachu, na Hagada, kitabu kinachosomwa usiku huo, inamwambia kila mmoja ajione kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri. Halafu inafika sehemu ya mapigo kumi. Kila pigo linapotajwa, mtu anachovya kidole kwenye kikombe chake cha divai na kudondosha tone kwenye sahani. Damu, tone. Vyura, tone. Mpaka kifo cha wazaliwa wa kwanza. Maelezo ambayo wengi wao huwapa watoto ni haya: Wamisri walikufa, kwa hiyo kikombe chetu cha furaha hakiwezi kujaa.

Hebu tafakarini hapo. Usiku wa kushangilia ukombozi, aliyekuonea anatengewa matone kumi. Talmudi nayo, mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa kale, inasimulia kwamba malaika walitaka kuimba wakati Wamisri wanazama, Mungu akawakataza: viumbe vya mikono yangu vinazama baharini, nanyi mnataka kuimba? Kumbukumbu ya namna hiyo haimgeuzi mtu kuwa mkatili. Tukishaifuta, tutapata wapi kitu cha kutufundisha moyo wa mgeni?

Mchangiaji (Kigali)

Mkuu, nakuunga mkono ila kwa sababu tofauti na yako. Kusahau ndiko alikokutaka muuaji. Katika geto la Warsaw, mtaa wa Poland ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya shajara, matangazo, mpaka tiketi za tramu, wakavizika ndani ya masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Sehemu ilifukuliwa 1946, nyingine 1950. Wengi wa waandishi wenyewe hawakupona. Watu wanaosubiri kuuawa wanachimba shimo ili habari zao zibaki, halafu wewe uliyebaki hai useme tusahau? Hapana.

Kwetu neno ni kwibuka, na hamhitaji mkalimani kulielewa. Ukumbusho wa Gisozi hapa Kigali, walikozikwa watu zaidi ya 250,000, ulifunguliwa 2004 kwa ushirikiano na shirika la Aegis Trust la Uingereza, na waanzilishi wake ndio waliokuwa wameanzisha kituo cha kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi kule kwao. Kwa hiyo jambo hili haliko mbali nasi.

Lakini niseme na jambo la nyumbani. Shangazi yangu alinusurika mauaji ya kimbari ya 1994. Kila tarehe 7 Aprili sisi tunatoka, yeye anafunga mlango, anazima redio, anapepeta mchele mpaka jioni. Haulizwi na hasemi. Watu wakimwambia ni wajibu wake kutoa ushuhuda, mimi nakasirika. Nani amempa mzigo huo?

Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu mleta mada, umetuchagulia aya tamu. Mbona Amaleki, taifa lililowashambulia Waisraeli walipotoka Misri, humtaji? Kitabu hichohicho, sura ya 25: kumbuka alivyokutenda Amaleki njiani, ufute ukumbusho wake chini ya mbingu, usisahau. Tarehe 28 Oktoba 2023 Netanyahu, akiwa waziri mkuu wa Israeli, aliitaja aya hiyo ya kumkumbuka Amaleki hadharani, vita vya Gaza vikiendelea. Januari 2024 Afrika Kusini ikaisoma katika kesi yake dhidi ya Israeli mbele ya Mahakama ya Kimataifa kule The Hague. Ofisi ya Netanyahu ikajibu kwamba wamemwelewa vibaya, kwamba maneno hayo yapo hata kwenye jumba la ukumbusho la Yad Vashem. Haya, tuchukue na jibu lao. Ndiyo hofu yangu hasa: maneno yaleyale ya ukumbusho, mmoja anayasoma akalia, mwingine anayasoma akashika bunduki. Na watoto wa Gaza hawakuwahi kuuona uso wa Amaleki. Hapo matone yako ya divai yatamsaidia nani?

Mleta mada (Arusha)

Ndugu wa Mombasa, umenishika penyewe, na sitakimbia. Aya hiyo ipo na inasomwa sinagogi kila mwaka, Sabato ya kabla ya Purimu, sikukuu ya kukumbuka Wayahudi walivyookoka njama ya Hamani. Ninachoweza kukuonyesha ni kwamba marabi waliiogopa kabla yako. Walifundisha kwamba Senakeribu mfalme wa Ashuru aliyachanganya mataifa ya kale, na wengi baada yao wakaitumia kauli hiyo kusema kwamba leo hakuna anayeweza kumnyooshea mtu kidole akamwita Amaleki. Tena Talmudi inasema kati ya wazao wa Hamani, ambaye ni wa ukoo huo wa Amaleki, walikuwapo waliofundisha Torati mjini Bnei Brak. Adui wa kufutwa, wajukuu zake wanakaa wanafundisha! Anayeichukua aya akaiacha tafsiri hiyo anakumbuka nusu, na nusu hiyo inaua. Hapo mimi na wewe hatupingani.

Na wewe wa Kigali, habari ya shangazi imenigusa kuliko hoja zote. Nadhani Elkana naye alikuwa akizungumza kama shangazi yako, na nilipomjibu kana kwamba anatoa sera tu, sikumtendea haki. Ukitazama, mapokeo yenyewe hayamwachii mfiwa mzigo usio na mwisho. Matanga ni siku 7, kisha 30. Kadishi, sala ya wafiwa, ya mzazi inasomwa na mtoto, kwa desturi ya wengi miezi 11, basi. Mwaka ukizunguka inawashwa taa inayowaka saa 24 halafu inazimika yenyewe. Talmudi inamkanya anayelia kupita kipimo. Na Kadishi haisomwi peke yako: lazima watu kumi wawepo.

Kwa hiyo shangazi apepete mchele wake kwa amani. Ninyi mliotoka siku hiyo ndio kumi wake.